Acheni Watu Waijibu Filamu

Shuka lilikazwa kwenye milingoti ya goli, uwanja wa shule ya msingi huku kwetu Temeke, na jenereta likapelekwa mbali nyuma ya vyoo ili lisitusumbue. Watoto walikaa mikekani mbele, kina mama kwenye mabenchi yaliyotolewa madarasani, vijana wa bodaboda wakabaki juu ya pikipiki zao huko nyuma. Filamu ya usiku ule ilikuwa Supa Modo, ya Kenya, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni binti wa miaka 9, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayerudishwa kijijini Maweni amalizie siku zake nyumbani. Ndoto yake ni kuwa shujaa wa sinema mwenye nguvu za ajabu. Dada yake Mwix anaamua ndoto hiyo itimie, na mwishowe kijiji kizima kinaingia kwenye mpango.

Pembeni yangu alikaa bi mkubwa mmoja anayeuza vitumbua asubuhi karibu na kituo cha daladala. Kwenye filamu, mama yake Jo anataka mtoto abaki ndani, apumzike, asichoke. Bi mkubwa akashindwa kuvumilia.

"Mwachie mwanao acheze, mama! Unamfungia ndani ili iweje?"

Watoto wa mbele wakacheka. Mmoja akageuka akamwambia kwamba mama yake Jo anaogopa. Bi mkubwa akamjibu palepale: "Najua anaogopa, mjukuu wangu. Hata mimi ningeogopa."

Hapo kijana mmoja wa waandaaji akashika maikrofoni. Alisema kwa adabu zote: "Wazazi wetu, tunaomba tuiheshimu filamu. Tutazame kwa utulivu."

Bi mkubwa akanyamaza.

Hakufungua mdomo tena hadi majina yalipoanza kupanda. Makofi yakapigwa, kisha maikrofoni ikazungushwa kwa wenye maoni. Vijana wawili wakasema filamu ni nzuri na ina mafunzo. Ilipomfikia bi mkubwa, alijifunga kanga vizuri, akasema, "Nzuri," akaipitisha kwa aliyefuata.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Nimesoma mengi yaliyoandikwa kuhusu Supa Modo, na mengi ni ya sifa. Lakini maneno mawili matatu aliyoyatoa bi mkubwa kabla ya kunyamazishwa yaligusa fundo lenyewe la hadithi: mama anayempenda mtoto kiasi cha kumnyima siku chache alizobakiza, na woga ambao mzazi yeyote anauelewa. Alifika pale kabla filamu haijafika nusu. Alipoombwa maoni rasmi, mbele ya watu, akatoa neno moja.

## Tulikojifunzia kutazama

Wengi wetu sinema hatukuijulia kwenye kumbi zenye viti vya kukunja. Tuliijulia kwenye kibanda umiza. Mabati pande tatu, blanketi mlangoni kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni juu ya meza ndefu, na jasho la watu waliokaa magoti yakigusana. Filamu ilikuwa ya Kihindi, ya Kichina, ya Kimarekani au ya Kinigeria, na sauti iliyotuongoza ilikuwa ya Kiswahili, ya mtafsiri anayesimulia juu ya filamu: Lufufu, au DJ Mark. Wenzetu wa Kenya wana DJ Afro. Uganda mafundi wa kazi hii wanaitwa VJ, na huko Kampala wana majina makubwa kuliko waigizaji wengi.

Aliyekulia humo anajua kwamba hakuna aliyekuwa akitazama peke yake. Stelingi akiingia kwenye nyumba yenye adui, kibanda kizima kinamwambia ageuke. Adui akiuawa, mtu anasimama kwenye benchi. Binti akidanganywa na mwanamume, dada zetu wanamtukana yule mwanamume kwa majina ambayo siyaandiki hapa. Mtafsiri naye anawasikia wote na kuwajibu, anachochea, anamsimanga stelingi kwa kuchelewa, anampa adui jina la mtaa wa jirani.

Haya hayakuanza kwetu tu. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, alikuwapo msimulizi aliyesimama kando ya pazia akieleza hadithi na kuwasemea wahusika. Aliitwa benshi, na watu walikata tiketi kwa ajili yake kama walivyokata kwa ajili ya filamu. Heigo, kaka yake mwongozaji maarufu wa filamu Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu zilipoanza kuja na sauti zake, kazi ile ikafa, na kwa Heigo anguko lile lilikuwa zito mno: alijiua mwaka 1933.

Kwa hiyo nikisikia mtu anaita kelele za kibandani ushamba, nakumbuka kwamba sehemu kubwa ya dunia ilijifunza sinema hivyohivyo, kwa sauti ya mtu aliyekuwapo chumbani.

Na sisi tuna mizizi ya zamani kuliko umeme. Nenda kwenye taarabu. Mtunzaji hatoki na noti yake wakati wowote tu. Anasubiri ubeti uliomgonga, au ubeti anaotaka umgonge jirani yake, ndipo anainuka akicheza hadi jukwaani. Mwimbaji anajua papo hapo ni mstari gani umefika na umemfikia nani. Sijui mhakiki wa gazeti anayeweza kuwa sahihi kiasi hicho.

## Filamu zilizosifiwa zinatujua

Kinachonishangaza ni hiki. Filamu za Afrika Mashariki zilizopigiwa makofi nje, ukizitazama vizuri, kadhaa zimejengwa juu ya mapenzi haya ya kelele.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu. Hasimami na kikapu akisubiri wateja. Anaziigiza. Anarusha ngumi hewani, anaanguka, anakufa, anafufuka, na watu wanamzunguka. Joseph Wairimu anaicheza sehemu hiyo kwa furaha ambayo huwezi kuifundisha chuoni, kisha filamu inampeleka Nairobi na kumpora kila kitu. Ndiyo ilikuwa filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Dunia ikasifu picha ya jiji, ujambazi, polisi. Mimi kila nikiirudia nasimama pale mwanzo, kwa mtazamaji aliyependa filamu hadi mwili wake ukawa unazijibu.

Supa Modo nayo ni hivyohivyo. Jo hana dawa ya kumponya, ana filamu za mashujaa na mapigano alizozitazama hadi zikawa zake. Kijiji nacho hakimletei zawadi dukani. Kinaamua kutengeneza filamu. Kila mmoja anapewa la kufanya, na hakuna anayejua kuigiza. Ilipofika kwenye tamasha la filamu la Berlin Februari 2018, ilionyeshwa kwenye kitengo cha filamu za watoto, na jopo la watoto likaitaja kwa sifa. Wazia watoto wa Ujerumani wakiamua kwamba kijiji cha Maweni kimewagusa. Naamini hawakuamua hivyo kwa sababu ya utulivu.

Halafu sisi tukaileta uwanjani Temeke na kumwambia bi mkubwa aiheshimu.

## Makofi yanayohesabiwa

Kuna aina ya furaha ambayo dunia imekubali kuiita heshima. Kila Mei, kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, filamu ikiisha watu wanasimama na kupiga makofi, na magazeti ya burudani yanahesabu dakika. Pan's Labyrinth ya Guillermo del Toro, mwaka 2006, iliripotiwa kupigiwa makofi kwa dakika 22. Idadi hiyo inatajwa hadi leo na watu ambao hawakumbuki filamu ilihusu nini.

Hapohapo Cannes, mwaka 1960, L'Avventura ya Michelangelo Antonioni ilizomewa. Watu walicheka pasipo na kichekesho. Siku chache baadaye ikapewa tuzo ya jopo la majaji, na leo ni moja ya filamu zinazofundishwa vyuoni. Kwa hiyo hata wenye suti nyeusi wanajibu filamu kwa kelele. Tofauti ni kwamba kelele zao zimepewa jina zuri.

Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Nyumbani ilikuwa imepigwa marufuku, kwa kuwa ni hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7 tu, ili filamu itimize masharti ya kushindania Oscar. Ndani ya siku hizo watu wa Nairobi wakajaza kumbi. Naweza kuelewa anayepinga maudhui yake, na naweza kuelewa aliyelia akiitazama. Lakini zile foleni zilisema jambo ambalo makofi ya Cannes hayakuweza kulisema: kuna watu walikuwa wakiisubiri hadithi hiyo kwa lugha za mtaani kwao, na walijua mlango unafungwa wiki ijayo.

Na si lazima sifa itoke mbali ndipo watu waitike. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina kuhusu binti Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Nani alitarajia? Nyumba za Beijing, chakula chao, majina yao, vyote vigeni. Lakini ukwe hauna ugeni. Kina mama walikuwa wanamshauri Doudou kutoka kwenye makochi yao, wanamwonya, wanamlaumu mume kwa kukaa kimya mama yake anapozidisha. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja tamthilia hiyo. Sebuleni ilikuwa imeshatajwa sana kabla yake.

## Ila nina mashaka

Sitaki kuandika kana kwamba kelele hazina hasara. Zinayo, na imenisumbua.

Kwanza, mtafsiri wa kibandani anaweza kuifuta filamu. Mhusika anasema sentensi yenye maumivu, yeye anaweka utani kuhusu kodi ya nyumba. Watu wanacheka, na mwandishi aliyekesha akiitafuta sentensi ile hajulikani tena. Kuna filamu nilizozipenda utotoni ambazo nilipozitazama ukubwani niligundua kwamba hadithi niliyoipenda ilikuwa ya Lufufu.

Pili, kuna filamu zinazohitaji pumzi yako tu. Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, ni ya namna hiyo. Kaleche anazinduka nyikani bila kujua amefikaje, anakuta watu wanaishi kwenye nyumba za wageni zilizojitenga, na taratibu anaelewa kwamba wote wameshafariki. Ilishinda tuzo ya wahakiki wa kimataifa kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo. Mle ndani kuna kunyamaza kwingi, na kule kunyamaza ndiko kunakobeba hadithi. Nikiwazia kibanda kikimwambia Kaleche ageuke nyuma, roho inaniuma.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi: kuna watu wanaolia kimyakimya kwenye giza, na giza lile ni stara yao. Mtu aliyemzika mtoto akitazama Supa Modo, je, anataka jirani yake awe anabishana na skrini?

Nilizunguka na maswali haya. Nikawa naandika aya za kumtetea yule kijana wa maikrofoni, na zilikuwa na mantiki. Kisha nikaenda kumwona mwenye kibanda.

## "Kuna mahali sisemi"

Kibanda chake kiko nyuma ya soko. Siku hizi kinaishi kwa mechi za ligi kuliko filamu, lakini Jumapili mchana bado anatafsiri. Nilimkuta anafunga upya waya wa spika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo hakuna mpira."

Nilimweleza kilichonileta. Akanionyesha kwanza vyombo vyake, maana ndivyo anavyoeleza mambo. Maikrofoni imevishwa sponji na juu yake soksi, ili pumzi isisikike. Mbele yake kuna mikisa ndogo ya kuchanganya sauti. Tundu moja la sauti ya filamu, tundu jingine la sauti yake, na kila moja limebandikwa plasta iliyoandikwa kwa kalamu. Mkono wa kushoto haubanduki pale. Risasi zikianza, anaipandisha filamu na yeye anashuka. Watu wakiongea, filamu inashuka na yeye anapanda. Muziki wa Kihindi ukianza, anauacha wote, kwa kuwa, anasema, wimbo watu wamelipia.

Nikamuuliza kama huwa hanyamazi kabisa.

Akacheka, kisha akawa makini. "Kuna mahali sisemi. Mtu amebeba zege mchana kutwa, amekuja hapa kupumzika, anaona kwenye filamu kijana anamfukia baba yake. Wewe utamwambia nini? Anajua kuliko wewe. Hapo naweka maiki chini."

"Na watu? Nao wananyamaza?"

"Wote. Wala simwambii mtu. Ukimwambia mtu anyamaze, ananyamaza kwa sababu yako. Ukimwacha, ananyamaza kwa sababu ya filamu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba sentensi hiyo ya mwisho.

Nikakumbuka M*A*S*H, ile komedi ya Marekani kuhusu madaktari wa jeshi kwenye vita ya Korea, iliyoonyeshwa na televisheni ya CBS kati ya 1972 na 1983. Enzi hizo vichekesho vingi vya televisheni viliwekewa vicheko vya kurekodiwa. Fundi mmoja wa sauti, Charles Douglass, alikuwa ametengeneza mashine maalumu ya kazi hiyo miaka ya 1950. CBS ikataka M*A*S*H nayo iwekewe. Larry Gelbart na Gene Reynolds, waliokuwa wakiitengeneza, hawakutaka. Wakabishana, wakafikia makubaliano: vicheko viwepo, ila si kwenye chumba cha upasuaji. Pale majeruhi wanapochanwa na kushonwa, mashine izimwe. BBC ya Uingereza ilipoionyesha, iliondoa vicheko vyote. Sehemu ya mwisho, Februari 28, 1983, ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 100.

Watengenezaji wale na huyu mwenye kibanda hawakuwahi kukutana, ila walijua jambo moja. Swali la maana si kama watazamaji wapige kelele au wasipige. Swali ni nani anaamua zikatike wapi. Chumba cha upasuaji kinajulikana na kila mtu aliyewahi kukaa hospitalini akisubiri. Mazishi yanajulikana. Bi mkubwa wa vitumbua angefika mwenyewe kwenye kimya cha Supa Modo, na kimya chake kingekuwa na uzito, kwa sababu kingetanguliwa na maneno yake. Mwisho wa filamu ile sitausimulia, kuna watakaoitafuta. Nasema tu kwamba nina hakika asingesema neno wakati ukiendelea.

Yale mashaka ya Kati Kati yanabaki. Kuna filamu ambazo ningependa kuzionyesha mahali ambapo watu wamekuja wakijua kwamba usiku huo ni wa kusikiliza, na hilo lisemwe mlangoni, kabla, kwa upole, ili anayetaka kubaki abaki. Lakini filamu inayohusu kijiji kizima kinachoshiriki ndoto ya mtoto haiwezi kudai kijiji kikae kimya. Na sisi tunaoandaa maonyesho ya mtaani, tunaopata ufadhili, mabango na fulana, tuache kuamini kwamba watu wetu hawajui kutazama. Wamekuwa wakitazama kwa bidii miaka yote, mbele ya televisheni za inchi 21, wakilipa mia mia zao, wakikumbuka majina ya waigizaji wa Hong Kong ambao hata wasomi wetu hawawajui.

Mwenye kibanda amekubali kuonyesha Nairobi Half Life Jumamosi moja, baada ya mechi ya jioni. Hatatafsiri; Kiswahili kimo, na Sheng watu wataisaidiana wenyewe kwa kubishana. Kiingilio kitabaki kilekile, na mazungumzo ya baada ya filamu hayatakuwepo, kwa sababu yatakuwa yamefanyika ndani yake. Ameweka sharti moja, nami nimelikubali: mikisa ataikalia yeye, na maikrofoni ataifungia sandukuni kabla mtu wa kwanza hajaingia.